Boti ya Didia na Upepo wa Usukumani

"Ikiingiza maji katikati ya ziwa, utashika usukani au utashika ndoo?"

Mama aliniuliza hivyo uani kwetu Didia, akiwa anapepeta mtama, hata hakuinua uso. Nyumbani nina sifa ya ubishi. Nilirudi kutoka chuo kikuu na shahada, ajira sikurudi nayo, basi muda wangu mwingi niliutumia kuwauliza watu kwa nini wanafanya wanachofanya. Nilimwuliza katekista, Nuhu wa safina aliwalisha nini chui wake. Nilimwuliza bwana shamba kama yeye mwenyewe amewahi kuipanda mbegu anayoisifia. Siku ile Mama alipoligeuzia swali kwangu, nilijibu kwamba boti haitaingiza maji.

"Sikuuliza hilo," akasema, akaendelea kupepeta.

Sababu ya safari ilikuwa kaka yake, Mjomba Luhende. Kwa miaka mingi alikuwa mpiga matimba kwenye maduara ya dhahabu, kwanza karibu na Bugarama, kisha upande wa Geita. Duara ni shimo wanaloshukia wachimbaji wadogo, na matimba ni magogo na mbao zinazopangwa ndani yake ili kuta zisiwaangukie. Watu wengi wametoka shimoni wazima kwa sababu ya mikono ya mjomba, ingawa walipotoka walimshukuru mganga. Kisha vumbi likamkaa kifuani. Hospitali wakamwambia aache kushuka, la sivyo siku moja atashuka asipande. Akarudi Didia na patasi, randa na kikohozi.

Mtu aliyefanya kazi ya mbao maisha yake yote hawezi kukaa akitazama ng'ombe wa wenzake. Mjomba alipanda basi hadi Muganza, kule Chato, alikosikia kuna karakana ya boti ya mzee mmoja Mjita aitwaye Fundi Magesa. Akaomba kazi. Fundi Magesa alimtazama mikono, akamwambia maneno ambayo mjomba alirudi nayo nyumbani kama mtu aliyebeba yai:

"Mbao za shimoni hukaa kimya. Za majini hutembea. Nenda kajenge boti moja, uilete hapa kwa maji, siyo kwa lori. Na ije na mtu mmoja tu. Wakiwa wawili, mmoja ataongoza na mwingine atachota maji, nami nitadanganywa na ndoo."

Mambo yakawa hivyo. Boti ikifika, mjomba ana kazi. Isipofika, hana kazi nyingine ambayo kifua chake kingeikubali. Na kuiendesha mwenyewe hawezi: akitazama maji yanayotikisika anatapika. Mimi nilijifunza tanga nikiwa chuoni Mwanza, siku za Jumamosi, kwa jirani yangu mvuvi aliyechoka kujibu maswali yangu akaona afadhali anipe kasia. Mjomba aliponiomba, nilikubali kabla hajamaliza sentensi. Ni jambo moja maishani ambalo sikulihoji.

Aliijenga kuanzia palizi hadi watu walipomaliza kuvuna pamba. Didia hakuna ziwa wala mto wa maana, na kila aliyepita kwenda mnadani alisimama kwanza hapo kwetu.

"Nuhu! Gharika lini?"

"Mkishaondoka wote kwenda mnadani," mjomba anajibu, "ili msipate nafasi."

"Mvua ya kunyweshea mbuzi hatuna, Nuhu, utaelea juu ya nini?"

"Juu ya midomo yenu."

Watoto wakaandika NUHU ubavuni kwa mkaa, naye akaacha, akisema jina la kweli litasubiri. Kila mwanya kati ya mbao aliuziba kwa pamba ya hapo kijijini iliyolowekwa mafuta, akiishindilia kwa patasi butu, kazi ambayo mafundi wa boti huiita kalafati. "Pamba yetu huwa inakwenda mbali kuwa mashati ya watu," alisema. "Hii nayo ikaone dunia."

Asubuhi ya kuondoka tuliifunga boti mgongoni mwa lori la mahindi, tukapita Tinde na Kahama, tukashika barabara ya Geita. Dereva alikuwa kijana wa Runzewe anayejua kila njia ya machimboni. Mjomba alikuwa amemwambia tunakwenda mwaloni, akasinzia. Tulipopita Bugarama lori likaacha barabara kuu, likaingia kwenye vumbi jekundu, na muda si mrefu tukasikia karasha zikisaga mawe.

Ziwani, mwalo ni mahali boti zinapotia nanga na kushusha samaki. Machimboni, mwalo ni mahali pa kuoshea mchanga wa dhahabu. Dereva wetu alikuwa mtu wa machimboni. Akatusimamisha mbele ya mabwawa ya tope, na watu wote waliokuwa wameinama wakainuka kwa pamoja kututazama.

"Oyaa, hilo ni sanduku la kuoshea au jeneza?"

"Ni boti," nikasema.

"Boti! Dada, maji haya yanafika magotini. Unakuja kumvua nani?"

"Waacheni," akasema mwanamke mmoja mwenye karai. "Labda wamepata dhahabu nyingi mpaka inahitaji meli. Tuambieni mapema basi."

Mjomba alicheka hadi akakohoa, akakohoa hadi akakaa chini. Wakamletea maji ya kunywa, na aliyeyaleta akamtambua. "Si Luhende wa matimba huyu? Shikamoo, mzee." Akaizunguka boti, akaigonga mbao kwa ngumi. "Umeipiga wewe? Basi haizami hii."

"Subiri ilowe kwanza," mjomba akasema.

Nungwe tulifika jua likiwa bado juu. Ni ghuba iliyo karibu na mji wa Geita, maji yake siku hiyo yametulia kama yaliyo ndani ya mtungi. Tukaishusha boti kwa msaada wa wapakiaji dagaa, tukaisukuma, ikaelea. Kisha ikaanza kuvuja kila mahali. Maji yaliingia kwenye viungo vyote kwa wakati mmoja, na uso wa mjomba ukawa wa mtu anayeona duara likiporomoka.

Hilo nilikuwa nimelitarajia, kwa sababu Mwanza nilishaliona. Mbao zilizokauka kwa jua la kwetu lazima zinywe kwanza ndipo zivimbe na kubanana. Nilimweleza mjomba. Alitikisa kichwa kama anavyowatikisia wahubiri wa stendi. Tuliiacha boti imefungwa kamba, imejaa maji, na yeye akakataa kula. Asubuhi tulipoyachota, maji hayakurudi, isipokuwa machozi machache kwenye kiungo kimoja cha nyuma, ambacho alikiongezea pamba. Akaweka kiganja sakafuni, akakitazama, akakiweka tena. Ndipo akaomba chai.

"Mimi natangulia Muganza kwa basi," aliniambia. "Nitakaa stendi. Ufukweni siji mpaka nikusikie."

"Kwa hiyo nikifika?"

"Unanipigia simu."

"Nisipofika?"

"Usinipigie."

Kisha akanishika mkono. "Kabula, jambo moja. Shimoni mbao zikilia, tunakimbia. Kwenye boti sijui inakuwaje. Isikilize, halafu uniambie."

Kutoka Nungwe nilielekea kaskazini, kisha magharibi, nchi kavu ikiwa daima mkono wangu wa kushoto. Asubuhi upepo hutoka nchi kavu ukanisukuma nje. Mchana hugeuka ukatoka ziwani, nami nikarudi kuutafuta ufuko. Nilikwenda hivyo rasi kwa rasi. Ukiwa mtu wa Shinyanga, unadhani maji ni kitu kimoja. Ziwa lina maji ya kijani kando ya matete, maji ya kahawia mto unapoingia, maji meusi chini ya mawe makubwa yaliyopakwa chokaa na ndege, na mahali pengine magugu maji yamejifunga hadi unaweza kudhani ni shamba la mtu. Viboko niliwasikia kabla sijawaona, na niliwaachia njia yote bila ubishi.

Kwenye kambi za wavuvi dagaa walikuwa wameanikwa wakimetameta, na maandishi ya ubavuni hayakumpita mtu.

"We Nuhu! Wanyama wako wapi?"

"Si ndio ninyi? Jipangeni wawili wawili!"

Kambi moja walinikaribisha ugali wa muhogo. Mzee wao, mtu mwenye kofia ya sufu mchana wa jua, alinihoji kama karani.

"Binti, uko kwenye siku zako?"

"Kwa nini, mzee?"

"Mwanamke akiwa kwenye siku zake hapandi chombo. Ziwa linakasirika."

"Linajuaje?"

"Lina mwenyewe."

"Na mwenyewe anajuaje?"

Akaisogeza kofia nyuma. "Wewe nani kakuoa?"

"Hakuna."

"Nilijua."

Kambi nzima ikaangua kicheko, na mimi nikacheka nao. Swali lake sikulijibu, naye hakulirudia. Walinipa sato mkubwa kuliko wote waliokuwa jikoni, jambo la ajabu kumfanyia mtu anayeweza kuwaletea mkosi, lakini hilo nalo sikuliuliza kwa sababu nilikuwa na njaa.

Kila nilipotia nanga nilifanya kama mjomba: kiganja sakafuni, nikitazame. Kikavu. Nilianza kuizoea raha hiyo ndogo, kama mtu anayegusa paji la uso la mgonjwa na kukuta homa haikurudi.

Nkome nilifika alasiri. Mbele yake kuna ghuba pana, na ng'ambo ni upande wa Chato, kisha Muganza. Kuifuata ghuba kandokando ni mwendo mrefu wa matete na viboko, kwa hiyo wengi huvuka. Nilipokewa na Mama Anastazia, Mzinza mwenye sauti nzito anayekausha dagaa, ambaye aliniona nikihangaika na nanga akaja kuishika bila kuulizwa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Uko na nani?"

"Peke yangu. Kesho navuka."

"Haya. Ila upepo wa Usukumani ukiamka, usivuke. Kaa hapa ule ugali."

"Kwa nini?"

"Mbaya."

"Mbaya vipi?"

"Hapa mwaloni unakubembeleza kama mkwe mpya. Ukifika katikati ndipo unakuonyesha tabia."

"Huwa unaamka saa ngapi? Na watu wakikutwa nao katikati, wanarudi au wanaendelea?"

"Harudi mtu. Utarudije wakati unakusukuma kwenda?" Akaweka chini ungo wake. "Mwanangu, wewe ukiambiwa ugali ni wa moto, unauliza kuni zimetoka msitu gani."

Nilimwuliza mengi zaidi, akajibu yote kwa uvumilivu. Sikumwuliza neno moja tu, kwa sababu nilidhani ni langu. Kwa Kisukuma, sukuma ni kaskazini. Ndugu zetu walioko kaskazini ndio Basukuma hasa, na wao wakituangalia sisi wa Didia hutuita Badakama, watu wa kusini. Nimekua na maelekezo hayo kama nilivyokua na mkono wa kulia na wa kushoto. Upepo wa Usukumani, basi, ulikuwa upepo wa kaskazini, na nililala nikijua kesho nitatazama wapi.

Asubuhi nilitazama kaskazini. Hapakuwa na hata mkunjo juu ya maji. Upepo uliokuwepo ulikuwa mwepesi, unatoka mashariki, kutoka nchi kavu nyuma yangu, unaelekea hasa nilikokuwa nakwenda. Nikaona nimependelewa. Mama Anastazia alikuwa ameshakwenda sokoni. Mtu mmoja aliyekuwa akishona nyavu ufukoni aliinua mkono juu, nami nikampungia. Sasa najua hakuwa ananiaga.

Mwanzo boti ilikwenda kwa utamu ambao sijawahi kuuona. Tanga limejaa, maji yanapiga ubavu kwa vikofi vidogo, mimi naimba. Nkome ikawa ndogo. Kisha nikagundua kwamba siimbi tena, na kwamba nimeacha kuimba kwa sababu siisikii sauti yangu. Nyuma yangu mawimbi yalikuwa yameanza kuwa na vichwa vyeupe. Kila nilivyozidi kuwa mbali na nchi kavu ndivyo upepo ulivyopata nafasi ya kukimbia, na kila wimbi lilikuja refu kidogo kuliko lililotangulia. Nilijaribu kugeuza nione kama naweza kurudi. Boti ikakaa ubavu, wimbi likaingia juu ya ukingo, na nikageuza haraka kuelekea magharibi. Kweli, harudi mtu.

Nikashusha tanga nikabakiza kipande, mkono mmoja na meno yakifanya kazi ambayo ingehitaji watu wawili. Sasa kila wimbi lilinyanyua mkia wa boti, likaisukuma mbele kama mtu anayesukuma toroli mteremkoni, na kama usukani ungelegea kidogo tu, boti ingelala ubavu na kupinduka. Wimbi jingine likavunjika mgongoni mwangu. Maji yakawa kwenye vifundo vya miguu. Ndoo ilikuwa hatua mbili mbele, inaelea na kuzungukazunguka.

Hapo ndipo swali la Mama lilipokuwa na maana yake yote. Kwenda kwenye ndoo ni kuachia usukani. Kubaki kwenye usukani ni kuacha maji yawe vile yatakavyokuwa. Na mbao zilikuwa zinalia. Mguu wa mlingoti ulilalama, mataruma, mbavu za boti, yakaitikia, na chini ya miguu yangu kulikuwa na sauti kama ya mlango wa zamani. Nilikumbuka kwamba shimoni hapo ndipo watu hukimbia. Sikuwa na pa kukimbilia. Nikaibana mikono miwili kwenye usukani, nikaiacha ndoo izunguke.

Nilikazia macho maji yaliyokuwa miguuni, kwa kuwa mawimbi sikutaka kuyaona. Vifundo vya miguu. Wimbi likapita. Vifundo vya miguu. Jingine likapita. Nilichukua muda kuelewa ninachokiona: yaliyoingia ni yale tu yaliyoruka ukingo. Chini, kwenye viungo, hakuna kilichoingia. Pamba ilikuwa imeshika. Boti ilikuwa inalia na kujinyonganyonga na kushika. Nilianza kulia nayo, na sikulia kwa hofu. Hofu ilikuwa imeanza kuondoka hata kabla hatari haijaondoka.

Ng'ambo ikatokea kama mstari, kisha kama miti, kisha kama rasi yenye mawe, nami nikaipita na kuingia nyuma yake. Upepo ukakatika kana kwamba mtu amefunga mlango. Palikuwa na kambi ndogo, wanawake watatu wanaparua samaki. Walinitazama nikiteleza hadi mchangani na maji yangu miguuni.

"Umetoka wapi, wewe?"

"Nkome."

"Na upepo wa Usukumani huu?" Mmoja akashika kiuno. "Nani kakuruhusu?"

"Huu si wa Usukumani," nikasema, ubishi ukiwa ndicho kitu pekee nilichobaki nacho. Nikanyoosha mkono kaskazini. "Usukumani si kule?"

Wakatazama nilikoonyesha. Wakatazamana.

"Kule ni Rubondo, mwanangu, kisiwa cha wanyama," akasema mkubwa wao. Akanishika bega, akanigeuza taratibu hadi nikatazama mashariki, nilikotoka. "Wasukuma wako kule. Wewe kabila gani?"

"Msukuma."

Sijui kama wale kina mama wamewahi kucheka vile tena. Mmoja alilazimika kuweka kisu chini. "Msukuma hajui Usukumani ni wapi! Huyo ukimwacha sokoni, mnarudishiwa na polisi!" Nami nilikaa mchangani nikacheka mpaka mbavu zikauma, nguo zimelowa, mikono imechubuka, na sikumbuki kuwahi kuwa na furaha ya namna ile. Kwangu sukuma ni kaskazini. Kwa Wazinza, Usukumani ni wanakokaa Wasukuma, nao wako mashariki. Kila mmoja alikuwa sahihi kwake, na mimi ndiye niliyevuka nikiwa kati ya maana hizo mbili.

Kesho yake ziwa lilikuwa limetulia kama halikufanya kitu. Nilifuata ufuko hadi Muganza, nikaiona karakana kwa mbali: mbavu za boti juu ya magogo, harufu ya mbao mbichi na mafuta. Mzee mwembamba mwenye penseli sikioni alikuja hadi ukingoni.

"Shikamoo, Fundi."

"Marahaba. Umeleta kutengenezewa?"

"Nimeileta uione. Ni ya Luhende wa Didia."

"Luhende," akasema polepole.

"Wa matimba. Ulimwambia aje kwa maji."

"Aaa," akasema. "Wa matimba." Akatazama nyuma yangu kama anatafuta mtu mwingine ndani. "Uko na nani?"

"Peke yangu. Kutoka Nungwe."

"Jana, upepo ulipoamka, ulikuwa wapi?"

"Katikati."

Alivua viatu, akapanda, akapiga magoti. Alipitisha kidole kwenye kila kiungo kutoka mbele hadi nyuma, akasimama kwenye kile cha mkiani, akakikwaruza kwa ukucha. Mjomba alikuwa stendi, pengine amekaa juu ya kisanduku chake cha vifaa, anatazama simu.

"Pamba ya wapi hii?"

"Ya shambani kwetu."

"Ililia?"

"Njia nzima."

"Vizuri. Ingenyamaza, ingepasuka." Akashuka, akavaa viatu. "Mwite."

Nilipiga. Ilipokelewa mara moja. "Mjomba," nikasema. Nilisikia wapiga debe wakiita abiria wa Bwanga. "Mjomba, nimefika." Kilichojibu ni kikohozi, kirefu, cha mtu anayetafuta pa kuficha sauti yake.

Alikuja na bodaboda, kisanduku mapajani. Alinipita bila salamu, akaenda kuegemeza sikio kwenye ubao wa boti.

"Ililia?"

"Sana."

"Ukakimbia?"

"Ningekimbilia wapi?"

Hapo ndipo akanigeukia, akanishika kichwa kwa mikono yote miwili kama anavyoshikwa mtoto mchanga. "Wabeja," akanishukuru kwa Kisukuma, "wabeja sana."

Fundi Magesa akasafisha koo. "Kesho uje na patasi yako."

"Ninayo hapa," akasema mjomba.

"Basi leo."

Nilirudi peke yangu kwa basi, kupitia Bwanga na Runzewe, ambako nilinunua karanga na kusinzia kabla sijazimaliza. Nilipoamka tulikuwa tumeshapita Masumbwe na nchi imekuwa kavu, tambarare, ya kwetu. Nilihisi mwili mzima umelegea kama kamba iliyofunguliwa. Nyumbani Mama aliuliza jambo moja tu, kama kaka yake atafanyia kazi ndani au nje, na nilipomwambia ni nje, kwenye upepo unaopeleka vumbi mbali, alikaa juu ya kigoda akavua kilemba chake akajipepea nacho kwa muda mrefu.

Sijaacha kuuliza maswali. Nimeongeza moja. Mtu akitaja neno ninalolijua vizuri kabisa, namwuliza analitumia kwa maana gani. Jirani zetu wanasema Muganza imenizidishia ugonjwa.

Mjomba bado yuko kule, na sasa ana wanafunzi wake. Miaka ilipita kabla sijaenda kumtembelea na kumkuta Fundi Magesa amestaafu, amekaa kwenye kiti cha plastiki karibu na boti ambazo hajengi tena. Tulizungumza mengi, na katika kuzungumza akaniambia kwamba maneno yale ya kuja kwa maji na mtu mmoja alikuwa akimwambia kila mchimbaji aliyekuja kuomba kazi, kwa sababu ni njia ya kumrudisha mtu nyumbani bila kumvunja moyo, na kwamba siku niliyotia nanga mbele yake alikuwa hamkumbuki Luhende ni nani.